Mambo ya Nyumbani: Msusi Mmoja

Mwezi huu napenda kunena juu ya jambo ambalo sisi waume hulidharau, yaani safari za wake zetu kwenda kwa msusi.

Nyumba yetu iko karibu na Butiama, lakini msusi wa mke wangu yuko Musoma mjini. Kila baada ya majuma manne hupanda gari, hupita Makutano, akaenda moja kwa moja kwa mama yule yule. Butiama wasusi wapo, hata Bunda wapo tele. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Baba, wale wanajua kusuka, huyu anakijua kichwa changu."

Na kweli, kichwa si ukili wa kusukia mkeka. Yule mama ajua mahali nywele zilipo laini, na kwamba rasta nzito humwumiza mke wangu shingo. Watoto wetu awajua kwa majina, na aliyekuwa mgonjwa humwulizia. Hukaa pamoja saa nne au tano, naye hurudi uso umekunjuka. Wako waume wanaonung'unika kwamba saa hizo ni nyingi; nao hao huketi kwenye bao tangu adhuhuri hata jua kuchwa.

Lakini iko sababu kubwa zaidi, nanyi wenye binti sikilizeni. Watu husema msuko usiouma haudumu. Neno hilo limeharibu vichwa vingi. Nywele zikivutwa mno, kwanza huja maumivu na vipele vidogo, kisha nywele za panja na za ukingo wa paji hupungua. Mvuto ukiachwa mapema, huota tena. Ukiendelea miaka mingi, mahali pale hufanya kovu, wala hapaoti kitu, hata upake mafuta gani. Wenye kutia dawa ya kunyoosha nywele kisha wakasuka juu yake hudhurika upesi zaidi. Wala si taabu yetu peke yetu: mwaka 1907 habari zake ziliandikwa juu ya watu wa Greenland, nchi ya barafu, waliofunga nywele zao kwa kukaza sana.

Msusi akuonaye mara moja hawezi kutambua hayo. Akuonaye kila mwezi huona ukingo ukirudi nyuma kabla hujauona wewe katika kioo.

Mwaka jana binti yetu mkubwa alitaka rasta ndogo ndogo kwa ajili ya arusi ya mwenzake huko Bunda. Fedha ilikuwa mkononi. Yule mama akamgusa panjani, akasema, "Mwanangu, hapa pamechoka. Nenda hivi hivi, urudi baada ya miezi miwili." Binti akalia njia nzima, na arusini akaenda amejifunga kitambaa.

Nywele huota kama sentimita moja tu kwa mwezi, lakini miezi miwili ilipotimia vinyweleo vipya vilionekana panjani. Akasukwa twende kilioni, mistari milegevu iendayo nyuma, bila rasta.

Kwa kuwa siku ile ya kwanza mama yule alikosa ujira wake, mke wangu alimchukulia kuku na kikapu cha viazi. Kuku alimpokea, viazi aliwagawia wanawake waliokuwa wakingoja zamu.