Dagaa, mbalamwezi na maswali ya usaili

Mama mmoja wa Buzuruga anauliza: binti yake wa darasa la saba anaongoza darasani, madaftari yote kayakariri, lakini kwenye usaili wa kidato cha kwanza wa shule moja ya binafsi ameangushwa na maswali ya kufikiri. Shule nyingine inasaili Jumamosi ya wiki ijayo. Amtafutie tuisheni?

Mama, tunza hela yako. Maswali hayo hayapimi alichokariri. Yanampa mtoto hoja fupi, kisha yanamtaka aseme kama dai lake linatokana kweli na sababu iliyotolewa. Zoezi hilo mnaweza kulifanya jikoni mkichambua dagaa.

Mpe hili: "Wiki hii kuna mbalamwezi kali. Kwa hiyo bei ya dagaa pale Mwaloni Kirumba itapanda." Lipi kati ya haya linaidhoofisha hoja hiyo?

A. Dagaa wana protini nyingi.
B. Maghala ya wafanyabiashara yamejaa dagaa wakavu.
C. Wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku.

Mtoto wa kukariri atakimbilia A, maana ni kweli na ameisoma kwenye Sayansi. Huo ndio mtego wenyewe: jibu linaweza kuwa kweli tupu na bado lisiwe jibu la swali. C nayo ni kweli, na mtoto wa Mwanza anaijua. Taa huwavuta dagaa gizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa haifui dafu, na wavuvi wengi hupumzika. Lakini hiyo inaiongezea hoja nguvu. Jibu ni B. Msemaji amechukulia, bila kusema, kwamba sokoni hakuna akiba. Ikiwepo, bei inaweza isipande.

Basi swali la kumzoesha ni moja: "Msemaji ameruka nini?" Akiwa kwenye mtihani, asome swali kwanza ndipo arudi kwenye habari. Atafute "kwa hiyo". Dai mara nyingi liko mbele yake. Na aogope majibu yenye "wote", "daima" na "kamwe". Habari ikisema wavuvi wengi hupumzika, jibu linalosema wavuvi wote limezidisha.

Wenye watoto wa darasa la tano na la sita msidhani hayawahusu. Maswali ya ufahamu kwenye mtihani wa NECTA wa kumaliza elimu ya msingi, ule wa Septemba, yanataka jicho hilohilo: jibu litoke kwenye habari, si kichwani mwa msomaji.

Kwa siku zilizobaki, hoja mbili kila jioni zinatosha. Zaidi ya hapo atachoka, na wewe utaanza kugomba. Mpe naye nafasi ya kukukamata: ukisema "Shangazi hajapiga simu, kwa hiyo amenuna", mwache atafute ulichoruka.