Namba Si Msahafu

Wadau, kuna watu hukereka wakisikia wanafizikia wanapima tena kilichokwisha kupimwa. Eti ubadhirifu. Upuuzi mtupu!

Chukueni Omega-c, barioni yenye kwaki ya chamu. Kwa miaka mingi vitabu vilisema huishi femtosekunde 69 tu kabla ya kuvunjika. Mwaka 2018 LHCb, kule CERN, ikapata 268. Karibu mara nne! Vipimo vya zamani vilitegemea chembe chache mno; LHCb ilikuwa nazo karibu 1,000. Mwaka 2022 Belle II ya Japani ikapima kwa mashine nyingine kabisa: 243.

Iliyodhaniwa kufa mapema kumbe humzidi umri Lambda-c! Bila kurudia kupima, nani angejua? Namba kukaa sana kitabuni hakuigeuzi kuwa msahafu. Au mwasemaje?