Hapana Ufufuko Pasipo Kaburi

Kila Pasaka inapowadia, mji wa Kitengela hubadilika sura. Magari ya barabara ya Namanga hufurika wasafiri, mbuzi huletwa kutoka pembe mbalimbali za Kajiado, na moshi wa nyama choma hutanda tangu Alhamisi jioni hadi Jumatatu. Sina ugomvi na nyama, wala na mapumziko. Mfanyakazi wa viwanda vya Athi River aliyetoka jasho miezi mitatu mfululizo ana haki ya kuketi na jamaa zake, akala akashiba. Mkristo naye ana kila sababu ya kufurahi, maana katika imani yake sikukuu hii ni kuu hata kuliko Krismasi. Ninalolihofia ni kwamba tumezoea kuruka kutoka Jumapili ya Matawi hadi Jumapili ya Pasaka, tusikanyage yaliyo katikati.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuyachungulia maneno. Hebu, msomaji, litazame neno "kufufuka". Ndani yake mna "fu" ileile iliyomo katika "mfu" na "wafu", iliyo na udugu na "kufa" na "kifo". Mwishoni mna umbo la kutendua, kama lile linalogeuza "funga" kuwa "funguka" na "ziba" kuwa "zibuka". Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, kufufuka ni kutenduliwa kwa mauti. Aliyelala huamka, aliyezimia huzinduka. Afufukaye ni mfu peke yake. Kiswahili hakituruhusu kuutamka ufufuko bila kumtaja maiti.

Waandishi wa Injili nao walilizingatia jambo hilo. Yohana anasimulia jinsi askari alivyomchoma Yesu ubavuni kwa mkuki, Yusufu wa Arimathaya akauomba mwili, na Nikodemo akaleta manukato ya maziko. Isitoshe, alipofufuka hakuja na mwili usio na kovu. Alimwonyesha Tomaso majeraha yake. Msalaba haukufutwa na kaburi tupu.

Wamaasai walioipokea imani hii waliielewa maana hiyo kwa undani. Liko ungamo la imani la Wamaasai, lililojulikana kwa wengi kupitia kitabu cha mwaka 1978 cha Vincent Donovan, padri Mmarekani aliyehudumu Tanzania. Ungamo hilo linapofikia kaburi la Yesu, linaeleza kwamba fisi hawakuugusa mwili wake. Asiyezijua mila za kale za jamii hiyo huenda akatabasamu. Lakini zamani watu wengi miongoni mwao hawakuzikwa. Maiti iliachwa nyikani, na kaburi lilikuwa heshima ya wachache. Fisi ndiye aliyekuwa mwisho wa mwanadamu. Kusema kwamba fisi hakumgusa Yesu ni kusema kwamba mauti, kama yalivyojulikana na kila mtoto bomani, yalishindwa. Hayo ni maneno ya watu waliokitazama kifo machoni kabla ya kuimba Haleluya.

Je, sisi tunathubutu kukitazama? Tukumbuke Alhamisi Kuu ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipokivamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku tatu baadaye ilikuwa Pasaka. Maiti zilipelekwa Nairobi, katika chumba cha kuhifadhia maiti cha Chiromo, na wazazi wakaenda huko kuwatambua watoto wao wakati makanisa yakishangilia. Ni Pasaka gani iliyoweza kumfaa mzazi yule? Ile ya vigelegele pekee ingemwongezea uchungu. Iliyomfaa ni ile inayokiri kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe alilazwa miongoni mwa wafu, na kwamba neno la mwisho halikuwa la wauaji.

Hapa Kitengela pia wamo watakaoipokea sikukuu wakiwa na majonzi: mjane wa juzi, kibarua aliyeachishwa kazi, mfugaji ambaye ng'ombe wake waliangamizwa na ukame uliofikia kilele mwaka 2022. Baina ya Ijumaa na Jumapili ipo Jumamosi Kuu, siku ya kimya ambayo wengi wetu huitumia kwenye bucha. Mkristo angeweza kuitumia kwa kumtembelea mmoja wa hao, akaketi naye bila pupa ya kumhubiria, na kumwachia fungu la mbuzi atakayechinjwa. Baada ya hapo salamu ya "Heri ya Pasaka" itakuwa na uzito kinywani mwake. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Hawakusema faraja badala ya dhiki.