Tarakilishi Kuukuu na Utoto Unaodhaniwa

Upo mtazamo uliozoeleka miongoni mwa wasomi kwamba mtu mzima anayekarabati tarakilishi za miaka ya 1980 hana tofauti kubwa na mtoto anayelilia kigari chake cha waya. Mtazamo huu hauwezi kupuuzwa. Mathalan, ZX81, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair nchini Uingereza mwaka 1981, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu. Haikuwa na rangi wala sauti, na programu zake zilihifadhiwa katika kaseti za kawaida za muziki. Aliyehitaji kumbukumbu zaidi alichomeka nyuma yake kijisanduku cha kilobaiti 16, nacho kilikaa kwa kulegalega hivi kwamba mtikisiko mdogo uliweza kufuta kazi ya saa nzima. Wapenzi wa mashine hiyo husimulia kero hiyo kwa tabasamu, na wapo wanaoiundia vifaa vipya vya kuongezea hadi leo. Asiye wa kundi lao atauliza, naye ana haki ya kuuliza: kwa faida gani?

Jibu lilipatikana huko huko Uingereza, tena kwa fedheha. Mwaka 1986, shirika la BBC, likishirikiana na Acorn, Philips na Logica, liliadhimisha miaka 900 ya Domesday, daftari la ardhi na mali lililoandikwa kwa amri ya Mfalme William mwaka 1086. Watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia habari za maisha ya kila siku katika vijiji na mitaa yao. Maandishi, picha na ramani vilitiwa katika santuri mbili za leza, zilizosomwa na tarakilishi ya BBC Master iliyoongezewa vifaa maalumu. Bei ya mtambo huo ilizishinda shule nyingi. Kufikia mwaka 2002, mitambo iliyokuwa ingali ikifanya kazi ilikuwa imeadimika. Daftari la 1086, lililoandikwa kwa Kilatini juu ya ngozi, lilikuwa lingali likisomeka. La 1986 lilikuwa likielekea kuwa bubu katika muda wa miaka 16.

Watafiti wa mradi wa CAMiLEON, wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan, ndio waliolitafutia dawa. Mwaka huo wa 2002 walionyesha emuleta, yaani programu inayoigiza mwenendo wa mashine ya kale ndani ya mashine mpya. Hawakuanzia patupu. Waliijenga juu ya BeebEm, emuleta ya BBC Micro iliyotungwa na wapenzi kwa hiari yao na kutolewa bure. Kile kilichobezwa kuwa mchezo ndicho kilichofaa taifa lilipokwama. Baadaye wapenzi wengine walibuni Domesday Duplicator, kifaa kinachounganishwa na mtambo wa kuchezea santuri ili kunasa ishara ghafi ya leza. Jambo la kushangaza ni kwamba tovuti ya BBC iliyoyarudisha maandishi hayo kwa umma mwaka 2011 ilifungwa mwaka 2018.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kuiona kazi hii kuwa ngeni. Mashairi ya Muyaka yamesalimika kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya, na W. E. Taylor akayanukuu, hata yakachapishwa na Hichens mwaka 1940. Mhakiki wa miswada hulinganisha nakala akimtafuta mnukuzi aliyekosea. Naye anayesoma kaseti iliyochakaa hufanya vivyo hivyo. Emuleta, kwa upande wake, ni kama unukuzi wa hati za Kiarabu kwa hati za Kirumi: humfaa msomaji, ila usahihi wake hauthibitiki pasipo mswada wenyewe kuwapo. Zipo programu za ZX Spectrum zilizotegemea mpigo halisi wa chipu zake, na mpigo huo hupimwa katika mashine yenyewe. Kwa hiyo wanaodai kwamba emuleta imezifanya mashine kuwa takataka wanakosea.

Sheria nayo haijasaidia sana. Kampuni ya Amstrad, iliyonunua biashara ya tarakilishi za Sinclair mwaka 1986, iliruhusu mwaka 1999 programu za msingi za Spectrum zisambazwe pamoja na emuleta. Huo ulikuwa ungwana. Lakini kuhifadhi urithi hakufai kutegemea ungwana wa mwenye mali, hasa pale ambapo mwenyewe hajulikani tena alipo.

Ni idara ngapi za Kiswahili zinazoweza leo kufungua tasnifu iliyopigwa chapa kwa WordPerfect na kuachwa katika disketi ya inchi tano na robo? Utando wa sumaku katika disketi hizo unaendelea kuchakaa, na mashine yenye kuzisoma huenda ndiyo ile inayosubiri kutupwa kutoka stoo muhula huu.