Anayeondoa silikoni kifuani apewe kadi, si kejeli

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Methali hiyo hutolewa haraka mno mwanamke anaposema kwamba matiti aliyoyalipia kwa fedha zake yanamtesa na anataka yaondolewe. Ndugu humwambia alijitakia, mashoga humcheka pembeni, na baadhi ya madaktari humpa dawa za maumivu na kumtaka apunguze mawazo. Mwisho wake hunyamaza. Ukimya huo unawafaa wauzaji na kliniki kuliko unavyomfaa yeye.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Ukitaja kipandikizi katika ukanda wetu, wengi hufikiria kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono. Hapa nazungumzia vipandikizi vya matiti, yaani mifuko ya silikoni iliyojazwa jeli au maji ya chumvi na kuwekwa kifuani kwa upasuaji. Mwanamke wa kwanza kuwekewa mifuko ya jeli ya silikoni alifanyiwa upasuaji Houston, Marekani, mwaka 1962. Wapo wanaoitaka kwa urembo, na wapo waliokatwa titi kwa sababu ya saratani wakawekewa mfuko ili kifua kirudi umbo lake. Hao wa pili hawakujichoma mwiba wowote. Hata hao wa kwanza walinunua bidhaa halali kwa mtu aliyewaambia ni salama.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi kwa uwazi ni kwamba vifaa hivi si vya kudumu maisha yote. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilieleza kuwa mwanamke mmoja kati ya watano walioongeza matiti kwa urembo huhitaji kuondolewa vipandikizi ndani ya miaka 10. Kwa waliorekebishwa kifua baada ya saratani, ni mmoja kati ya wawili. Kwa hiyo mwanamke wa miaka 25 anayeingia chumba cha upasuaji leo anapaswa kujua kwamba huenda akarudi humo mara moja au zaidi kabla hajazeeka.

Sababu za kurudi ni nyingi. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kitu kigeni. Utando huo ukikaza, titi huwa gumu, hupoteza umbo na huuma. Mfuko unaweza kupasuka, na ule wa jeli unaweza kupasuka kimyakimya, bila dalili yoyote, hadi altrasaundi au kipimo cha MRI kionyeshe. Ndiyo maana FDA inashauri wenye vipandikizi vya jeli wapimwe mara ya kwanza miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka miwili hadi mitatu, hata kama hawaumwi. Waulize waliofanyiwa upasuaji huo wangapi waliambiwa hivyo, na wangapi wanaweza kulipia MRI kila baada ya miaka michache.

Kuna na jambo zito zaidi. Mwaka 2011 FDA ilitangaza uwezekano wa uhusiano kati ya vipandikizi na saratani adimu ya mfumo wa kinga, aina ya limfoma, inayoota kwenye kovu na majimaji yanayozunguka kipandikizi. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitambua. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya Biocell vyenye uso wa kukwaruza, baada ya FDA kuitaka ifanye hivyo. Wakati huo FDA ilikuwa imehesabu wagonjwa 573 duniani na vifo 33, na kati ya wagonjwa hao 481 walihusishwa na vipandikizi vya kampuni hiyo. Hatari kwa kila mwanamke mmoja mmoja bado ni ndogo, na ugonjwa ukigunduliwa mapema wengi hupona kwa kuondolewa kipandikizi pamoja na utando wake. Lakini ili ugunduliwe mapema, lazima mtu ajue kwamba titi linalovimba ghafla miaka minane au kumi baada ya upasuaji si la kukandwa kwa maji moto.

Halafu kuna malalamiko yasiyoonekana kwenye picha za hospitali. Ni uchovu usioisha, maumivu ya viungo na misuli, vipele, nywele kunyonyoka, usahaulifu na akili kuwa nzito. Wanawake wengi duniani wamesema dalili hizo ziliwaanza baada ya kuwekewa vipandikizi, na wengi wao wamesema zilipungua baada ya kuviondoa. Dereva wa mbio za magari wa Marekani, Danica Patrick, alivitoa mwaka 2022 na kueleza hadharani alivyodhoofika. Mtangazaji wa televisheni Michelle Visage alivitoa mwaka 2019 na habari yake ikatengenezewa filamu.

Sayansi haijafika mwisho wa jambo hili, na ni vizuri kulisema hilo bila kuficha. Mwaka 1999 jopo la wataalamu la Taasisi ya Tiba ya Marekani halikuona ushahidi kwamba silikoni husababisha magonjwa ya mwili mzima. Hadi leo hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mwanamke kwamba chanzo ni vipandikizi vyake. Hata hivyo, malalamiko hayakukoma. Oktoba 2021 FDA iliagiza vipandikizi vyote vibebe onyo la kiwango cha juu kabisa, na ndani ya onyo hilo dalili hizo zimetajwa kuwa zimehusishwa na vipandikizi. Wanawake walioitwa wazushi miaka ya 1990 leo malalamiko yao yamechapishwa kwenye boksi la bidhaa.

Hii haina maana kwamba kila mwenye silikoni akimbilie kisu. FDA yenyewe haishauri asiye na dalili aondolewe, hata kama kipandikizi chake ni cha aina iliyorudishwa. Uchovu na nywele kunyonyoka vinaweza kutokana na upungufu wa damu, tezi ya shingo, lupasi, msongo au kukaribia kukoma hedhi. Daktari makini ataanza kupima hayo. Upasuaji wa kuondoa nao una hatari zake za kutoka damu, maambukizi, kovu na kifua kulegea, na wapo wanaoondolewa bila dalili kuisha. Lakini baada ya vipimo na maelezo, uamuzi ni wa mwanamke mwenyewe. Akisema anataka mwili wake ubaki bila kitu kigeni ndani yake, hiyo ni sababu tosha.

Tatizo letu katika ukanda huu linaanzia hapo. Mtu hawezi kuamua vizuri kuhusu kitu asichokijua. Aliyewekewa vipandikizi anahitaji kujua ni vya kampuni gani, vya aina gani, vina namba gani na viliwekwa lini.

Wafaransa walijifunza hili kwa gharama kubwa. Kiwanda cha Poly Implant Prothèse, kilichojulikana kwa kifupi PIP, huko La Seyne-sur-Mer, kilitumia silikoni ya viwandani badala ya ile iliyoidhinishwa kwa tiba. Kilifungwa mwaka 2010, wakati mifuko yake ilikuwa kwenye miili ya wanawake wapatao 300,000 katika nchi zaidi ya 60. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake takriban 30,000 waondolewe, ikabeba gharama ya kuondoa. Venezuela nayo ilijitolea kuwaondolea raia wake bure. Mwaka 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu mwanzilishi wa kampuni hiyo, Jean-Claude Mas, kifungo cha miaka minne. Baada ya kashfa hiyo Uingereza ilianzisha daftari la kitaifa la vipandikizi mwaka 2016. Uholanzi ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla. Tangu Mei 2021, sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mgonjwa apewe kadi inayotaja kifaa alichowekewa.

Sasa tuje kwetu. Tuseme yupo mwanamke wa Mwanza aliyekwenda Istanbul mwaka 2016 kuongeza matiti, akaolewa Kampala, leo anafanya biashara Kigali. Mwaka 2019 aina ile ya Allergan ilipoondolewa sokoni, nani angempigia simu? Kliniki ya Istanbul ina namba yake ya zamani ya Tanzania. Mamlaka za Tanzania, Uganda na Rwanda hazina jina lake popote, kwa sababu upasuaji haukufanyika kwao. Akivimba titi leo, daktari wa Kigali atamuuliza amewekewa nini, naye atajibu: silikoni. Zaidi ya hapo hana cha kusema, maana fomu alizosaini zilikuwa za lugha asiyoijua.

Huyo ni mtu wa kufikirika, lakini safari yake si ya kufikirika. Ndiyo Jumuiya tuliyoijenga. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika mwaka 2010, watu, bidhaa na huduma vinavuka mipaka. Miili imeungana na soko. Kumbukumbu za tiba zimebaki nyuma, kila moja kwenye kabati la kliniki yake.

Wala tusiseme hatuwezi. Kontena likitoka Mombasa kwenda Kampala au Kigali, mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zina mfumo wa kielektroniki wa kulifuatilia hadi linafika. Gari lililotumika kutoka Japani lina namba ya chesisi inayojulikana hata likibadilisha wamiliki watano. Tena mfano ulio bora zaidi uko kwenye zahanati zetu za vijijini. Mama akiwekewa kijiti cha uzazi wa mpango, muuguzi humwandikia kwenye kadi siku kilipowekwa na siku cha kutolewa. Kadi hiyo ya karatasi ndiyo inayokosekana kwa yule aliyelipa mamilioni ya shilingi kuwekewa mfuko kifuani.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, kliniki yoyote katika nchi wanachama isiruhusiwe kuweka kipandikizi bila kumpa mgonjwa kadi yenye jina la kampuni, aina, namba ya kifaa, tarehe na jina la daktari. Maelezo ya hatari yaandikwe pia kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza au Kifaransa pekee. Aliyefanyiwa nje ya ukanda aweze kupeleka karatasi zake na kuandikishwa akirudi.

Pili, liwepo daftari moja la ukanda. Tayari tangu mwaka 2012 Jumuiya ina mpango wa kuoanisha udhibiti wa dawa, na Tume ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki iko Bujumbura. Vyombo vipo, vinahitaji kupewa kazi. Majina yalindwe kwa siri, kwa sababu hakuna atakayejiandikisha akihofia kusomwa mtandaoni kesho yake.

Tatu, mkataba wa kuweka useme nani atalipia kuondoa. Bima nyingi hukataa kila kinachonusa urembo. Lakini mfuko uliopasuka, utando uliokaza au limfoma ni ugonjwa, na hauwi urembo kwa sababu ulianzia kwenye urembo. Mfuko wa bima unaomtibu mlevi ini lake na mvutaji sigara mapafu yake hauna hoja ya kumfungia mlango huyu.

Nne, madaktari wa kawaida, si mabingwa wa upasuaji tu, wafundishwe kuuliza swali moja bila kejeli: una kipandikizi chochote mwilini? Swali hilo lina maana hata kwenye kipimo cha saratani ya matiti, kwa kuwa kipandikizi kinaweza kuficha sehemu ya titi kwenye picha na mpimaji anapaswa kujua mapema.

Najua hoja itakayoletwa. Tuna malaria, tuna akina mama wanaofariki wakijifungua, na wenye silikoni ni wachache wenye uwezo. Ni kweli malaria inaua wengi zaidi. Lakini daftari hili halichukui chandarua cha mtu, na halitakuwa la matiti pekee. Nyonga za chuma, vifaa vya moyo na nyavu za ngiri vyote ni vitu vigeni vinavyobaki mwilini, na vyote hurudishwa viwandani siku moja vikigundulika vibovu. Kuhusu uchache, hatujui ni wangapi, na hatutajua hadi tuwahesabu.

Kwa mwanamke anayesoma haya huku akikigusa kifua chake, usingoje serikali. Rudi au piga simu ulikofanyiwa, omba nakala ya taarifa ya upasuaji na namba ya vipandikizi, uzihifadhi kama unavyohifadhi hati ya kiwanja. Ukiona titi moja limevimba, limekuwa gumu au lina uvimbe, nenda hospitali wiki hii. Ukiamua kuondoa, uliza daktari atafanya nini na utando, ataupeleka wapi ukapimwe, na utarajie nini kioo kitakapokuonyesha sura mpya.

Na kwa wenye methali ya mwiba, ipo nyingine ya wazee wale wale: mchuma janga hula na wa kwao. Huyu mnayemcheka ni binti yenu, mke wenu, au mwenzenu ofisini aliyenusurika saratani. Mawaziri wetu wa afya hukutana mara kwa mara kujadili kinachovuka mipaka. Katika kikao kijacho waiweke kadi hii kwenye ajenda, kabla kiwanda kingine hakijafungwa na sisi tukabaki hatujui nani wa kumpigia simu.