Mtihani wa CFA: hesabu saa zako kabla ya kulipa

Vijana wengi wanaomaliza masomo ya uchumi mashariki mwa Kongo wanatamani diploma ya CFA, ile ya wachambuzi wa fedha na uwekezaji. Swali ni moja: inaomba masomo ya muda gani? CFA Institute, taasisi inayotoa mtihani huo, inashauri karibu saa 300 kwa kila ngazi. Ngazi ni tatu.

Ukisoma saa mbili kila siku bila kukosa, hiyo ni miezi mitano. Ukisoma saa moja, ni miezi kumi. Lakini hesabu hiyo haijui umeme wetu unaokatika usiku, wakati mfanyakazi ametoka tu kazini na kufungua kitabu. Tena mtihani ni wa Kiingereza, na sisi tulisoma kwa Kifaransa. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 kwa saa nne na nusu: sekunde 90 kwa kila swali. Anayetafsiri kichwani kwanza atachelewa.

Kwa hiyo, ndugu kijana, anza na Kiingereza. Kisha andika kwa juma mbili saa unazosoma kweli, si zile unazotamani. Hapo ndipo uchague tarehe na kutoa pesa, maana kujiandikisha bila msaada kunapita dola 1,000.

Na wakubwa wa benki wanaotaka watumishi wenye ujuzi, wawape basi hata nusu siku kwa juma ya kusoma. Ujuzi hauji kwa usingizi wa mtumishi peke yake.