Nani atafundisha makroekonomia Goma na Bukavu?

Kila mwaka, katika fakulte za uchumi za mashariki mwa Congo, kuna kijana anayemaliza na alama nzuri na profesa anamwambia: "Baki hapa, utakuwa asistanti." Nyumbani ni furaha. Mama anaanza kumwita profesa mbele ya majirani. Miaka inapita, kijana ana mke na watoto, na bado ni asistanti. Mchana anasahihisha lundo la karatasi za mitihani, jioni anashika vitabu vya hesabu vya duka la mjomba wake, maana duka ndilo linalolipa nyumba.

Leo tunasema juu ya wale waliochagua makroekonomia, yaani elimu ya uchumi wa nchi nzima: feza, bei, riba, bajeti ya serikali. Kama kuna nchi inayohitaji watu wa elimu hiyo, ni hii yetu. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, zaire milioni 3 zilipogeuzwa kuwa zaire mpya 1, na watu wa Kasai wakaikataa noti hiyo. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya 9,000%. Franka tunayoshika leo ilikuja 1998. Na mwanzoni mwa 2025, Goma kisha Bukavu zilipoingia mikononi mwa M23, banki zilifunga milango, na watu wakabaki na noti zilizochakaa na simu ya kutumiana feza.

Mwanafunzi anayeishi mambo hayo anaingia oditwari na kukuta kozi iliyoandikwa kwa ajili ya Ufaransa au Marekani. Inamwambia kwamba banki kuu ikipandisha riba, mikopo inapungua na bei zinatulia. Mwezi wa 8, 2023, Banki Kuu ya Congo ilipandisha riba yake kutoka 11% hadi 25%. Lakini sehemu kubwa ya akiba katika banki zetu ni dola, na mama anayeuza mchele Kadutu hakopi banki, anakopa kwa mwenzake wa likelemba. Riba ile inamfikia kwa njia gani? Hiyo ni tezi nzima ya udaktari. Atakayeiandika vizuri ni mtu anayekaa hapa, anayeandika bei za soko kila wiki na kujua kambisti wa barabarani anapangaje kiwango chake asubuhi.

Mtu huyo yupo. Tunamwacha aoze.

Kwenye karatasi ngazi iko wazi: asistanti wa mandati ya kwanza, mandati ya pili, CT, kisha udaktari, profesa mshirika, profesa, profesa ordineri. Lakini wengi wanaopanda hatua za kwanza hawamo hata kwenye listi ya mishahara ya serikali. Wanaitwa Nouvelles Unités, jina linalochekesha kwa mtu mwenye mvi. Wanaishi kwa prime inayotoka kwenye makuta ya wanafunzi. Mzazi akikosa kulipa kwa sababu ya vita, asistanti naye anakosa.

Marekani, kijana mwenye udaktari anayepewa nafasi ya aina hii chuoni anaanza na mshahara, na anaambiwa tangu mwanzo: baada ya miaka kama 6 tutasoma ulichoandika, tutaamua. Akikataliwa, anaondoka. Ni sheria kali, na hatusemi tuichukue jinsi ilivyo. Kule mtu anaingia akiwa tayari daktari, hapa anaingia na diploma ya kwanza na tezi iko mbele yake. Lakini kule ana tarehe. Hapa saa haitembei. Mtu anaweza kungoja sura moja ya tezi irudi kutoka kwa promoteri wake mwaka mzima, na hana pa kulalamika, maana promoteri huyohuyo ndiye atakayepiga kura juu ya mandati yake. Hilo si kosa la Kinshasa. Ni letu, ndani ya fakulte zetu.

Halafu kuna desturi ya profesa mgeni. Anashuka na ndege, anamaliza kozi ya saa 60 kwa wiki moja, anaacha silabasi iuzwe, anarudi. Tunaelewa: madaktari wa uchumi ni wachache na miji ni mingi. Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, ilionekana kwamba fakulte iliyojengwa juu ya tiketi ya ndege haina msingi. Wanaoishi mjini ndio fakulte.

Wengine wanapata bursi ya Ubelgiji au wanaandika tezi nchi nyingine ya Afrika. Kuna asiyerudi, na hatumlaumu: arudie mshahara upi, na kwa banki ipi? Anayerudi na udaktari wake anahitaji kukuta cheo na malipo vinamngoja, si kuanza tena kuzunguka ofisi na faili chini ya kwapa.

Serikali ina deni la kuwaingiza hawa kwenye listi, na vita si sababu ya kulifuta. Lakini vyuo visingoje hilo. Kamati ya chuo inaweza mwezi huu huu kumpa kila asistanti barua inayosema tezi itawekwa lini, nani atasoma kila sura kwa siku ngapi, na nani atajibu promoteri akinyamaza. Inaweza kumpunguzia kusahihisha ili apate siku mbili za utafiti kwa wiki. Hayo hayahitaji dola hata moja.

Mwaka wa masomo ukifunguliwa, tutapita kwa madekano wa uchumi na swali moja: mwonyesheni asistanti wenu aliye na barua yenye tarehe. Majibu tutayaandika hapa.